Nguchiro Wetu, Kuku wa Mama

Jumatatu, 3 Machi

...na si kuamka mapema tu, Wafula ameniletea na chai kitandani! Walisema utamu wa ndoa huisha haraka. Waendelee kusema.

Nguchiro mwingine ameingia kwenye mtego wetu wa waya, kando ya sukuma wiki. Kadogo, hasira tele. Ndio wanaotumalizia vifaranga. Jirani alikuja na rungu. Wafula akamzuia: sheria hairuhusu kuua nguchiro, atampeleka ofisi ya wanyamapori akienda Bungoma kuuza mitumba. Mume mwenye huruma hivi! Nampenda hadi naogopa.

Alhamisi, 6 Machi

Wa tatu. Wafula amefunika mtego kwa gunia, akaufunga kwenye pikipiki. Anasema maafisa sasa wanamjua kwa jina. Nimembusu mbele ya jirani. Aibu baadaye.

Jumapili, 9 Machi

Mama amepiga simu kutoka Kamukuywa. Kuku wake wanaliwa, mayai pia. Kuku ndio kazi yake tangu goti limkataze shamba. Halafu akacheka.

"Lakini mkwe wangu ni mtu! Alhamisi nimemwona huko chini mtoni na kitu ya waya, imefunikwa gunia. Nikajua ananiletea kuku! Nikajificha kwa migomba, si unajua hatuwezi kukutana. Nafikiri aliona haya, akarudi nao."

Kwetu mama na mkwe wake hawasogeleani. Ni heshima. Chini ya gunia lile la Alhamisi hakukuwa na kuku.

Jumatatu, 10 Machi

Nimepiga simu ofisi ya wanyamapori. Hakuna aliyewahi kuwapelekea nguchiro. Afisa amesema huwa wao ndio wanaokuja, ukiwaita. Ukimhamisha mnyama kiholela, unamhamishia mwenzako hasara.

Nimemuuliza Wafula. Kwanza alicheka.

"Si huko mtoni kwa mamako kuna kichaka, bana. Na nani angeniuliza? Ni kwetu."

Kwetu! Alijua Mama hawezi kumkaribia amuulize amebeba nini. Heshima ya mama yangu ameigeuza maficho. Hilo ndilo linaloniuma, kuliko hata kuku. Na mimi nikambusu!

Jumatano, 12 Machi

Sisemi naye. Mjinga mimi.

Jumamosi, 15 Machi

Afisa amekuja. Ametuonyesha shimo chini ya banda letu la kuku, ndilo lililokuwa likiwaita nguchiro. Tumeliziba kwa mawe na waya. Mimi nimeshika, Wafula amegongelea misumari. Mtego umeondolewa.

Wafula amekubali kumweleza Baba yangu yote kwa mdomo wake, Mama akisikiliza kutoka jikoni. Ameuliza kama nitakaa karibu naye siku hiyo. Nimesema sijui. Kweli sijui.

Nimempigia Mama. Kuku wawili wamebaki. Nimemwambia awalaze ndani ya nyumba, tunakuja na waya wa kuzungushia banda, na Wafula ana neno. Akauliza neno gani. Nikasema atalisikia kutoka kwa Wafula mwenyewe, kabla mwezi huu haujaisha.