Mkuu wa Nyumba Aliyesahauliwa Mlangoni

Mwaka umepinduka, Baba yetu Gregori Byabato, tangu ulipotutoka hapa Sydney, hospitalini Westmead, umelazwa kwenye kitanda kama vile vitanda ulivyokuwa ukivisukuma wewe mwenyewe miaka yote ya kazi yako. Kukuandikia nimepewa mimi, mkweo Lusekelo, eti kwa sababu sisi Wanyakyusa hatuishiwi maneno. Haya, nasema.

Tunaukumbuka upole wako. Wagonjwa uliowapeleka chumba cha upasuaji wote uliwaita mabwana na mabibi, hata waliokutukana kwa maumivu. Uliwanyooshea shuka, ukawafikisha mlangoni, ukangoja nje. Hapa nyumbani Merrylands uliamka wa kwanza ukafungua mapazia, na chakula ulikula wa mwisho, wima, sahani mkononi. Siku nilipokuja kuposa nilitokwa jasho. Nilidhani mzee kanichukia, hataki hata kuketi nami. Mkeo, Mama Theresia, alicheka, akaniambia hukuwa umemchukia mtu yeyote, ila ulikuwa kazini.

Kazi gani hiyo? Wasomaji wengi hawaijui, acha niwaeleze. Wewe sikiliza, na nikikosea utanisamehe.

Huko kwenu Bukoba, magharibi ya ziwa, palikuwa na mfalme wa eneo dogo, na katika nyumba yake palikuwa na mtu aliyeitwa Mkuu wa Nyumba. Wapishi, wapiga ngoma, wakamuaji na walinzi wa makaburi ya wafalme wote walikuwa chini yake. Hakuna aliyemwona mfalme mpaka yeye asimame mlangoni na kumtaja mgeni kwa jina. Wajerumani walipofika, nao walimsubiri. Waingereza walimpa meza na mhuri. Mhuri aliupokea, meza hakuikalia, maana Mkuu wa Nyumba haketi mpaka mfalme mwenyewe amwachishe kazi kwa mdomo wake. Cheo kilishuka kwa mzaliwa wa kwanza, kizazi baada ya kizazi, kikamfikia baba yako.

Uhuru ulipokuja na serikali ikafuta machifu, mfalme alitaka kuwaaga watu wake kwa heshima. Aliketi ndani kutwa nzima. Baba yako alisimama mlangoni akiwataja mmoja mmoja, nao wakaingia, na kila mmoja aliambiwa maneno yaleyale, kwamba kazi yake imekwisha, aende nyumbani. Walitoka wakilia, wakaenda zao. Mwishowe akabaki nje baba yako peke yake, na hapakuwa na mtu wa kumtaja yeye. Kuingia bila kutajwa hakuweza. Mfalme naye alingoja, akadhani mzee ameshindwa kustahimili kuagwa, basi akatokea mlango wa uani akapanda gari. Hawakuonana tena. Nikiufikiria mlango ule naumia mpaka leo. Baba yako aliifagia nyumba tupu hadi akafa, nawe ukairithi kazi ambayo hakuna aliyeimaliza.

Ndiyo maana mwana wa mfalme alipohamia Sydney ulimfuata. Alipofariki ukaendelea na mwanawe Ronnie, fundi umeme wa Liverpool, hii ya hapahapa Sydney, ambaye masikini ya Mungu hakuwa na habari. Kila Jumapili baada ya misa ulipanda treni, ukafagia kibaraza chake, ukapanga viatu vya wanawe. Yeye alikuona mzee mwema tu wa kutoka nyumbani, akakupa chai, nawe ukainywa umesimama. Mama alikusihi mara nyingi umwombe yule kijana akuachishe. Ulimjibu kwamba Mkuu wa Nyumba haombi kuondoka.

Ukaondoka bila kuaga, Baba. Tulikuzika vizuri, padri akasema maneno mazuri, tukarudi nyumbani. Ndipo yalipoanza.

Kila alfajiri Mama alisikia kandambili zako koridoni. Zilisimama kwenye kila mlango, kisha zikaendelea. Hakuogopa hata kidogo. Alilala pale gizani akifurahi, akadhani ni wewe. Kumbe alikuwa Rhoda, mke wangu, mzaliwa wako wa kwanza, amevaa kandambili zako na anafungua mapazia. Baadaye akaanza kula wima. Akikohoa, alikohoa kikohozi chako kile cha kubisha hodi. Siku moja nimetoka kazini, nimechoka, akanizuia mlangoni mwa nyumba hii tunamoishi sote na Mama, akaniuliza nina shida gani. Macho yake hayakuwa kwangu. Kisha akaingia kumwarifu Mama kwamba Lusekelo yuko nje. Nilitaka kucheka, nikashindwa.

Jumapili zikamkuta Liverpool na ufagio. Nilipomuuliza alinijibu kwa Kiingereza chake cha hapa kwamba lazima awepo mtu wa kufanya. Yeye ni muuguzi, zamu nzima yuko wima, na nyumbani napo yuko wima. Alikonda, miguu ikamvimba mpaka viatu vikamkataa. Mama alikuwa akimtazama na kugeuza uso.

Halafu Rhoda akaenda Melbourne kwa mafunzo ya kazi. Kandambili aliziacha chini ya kitanda, niliziona kwa macho yangu. Alfajiri zikapita koridoni. Mama alizisikia, na mimi nilizisikia, na unajua kabisa kwamba mimi si mtu wa kusadiki mambo haya. Nilijifunika shuka kichwani. Asubuhi Mama alinitengea chai, akaniambia kwa utulivu kwamba basi mko wawili kazini, wewe Baba na mtoto wako Rhoda, na kwamba usipoachishwa wewe, mtoto naye hataketi mpaka afe.

Akaamua kumwita Ronnie aje awaachishe. Rhoda aliporudi akakataa katakata.

"Nikiachishwa mimi, Baba atabaki na nani?" alisema. Alisema kwa Kiswahili, yeye ambaye tangu utotoni ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza.

Mama aliitazama ile miguu. Alichukua simu.

Ronnie alikuja Jumamosi mchana, shati limepigwa pasi, hofu tele usoni. Mama alikuwa amemsimulia yote kwenye simu, naye wiki nzima alikuwa akijifunza yale maneno ndani ya gari lake la kazi. Tulimketisha sebuleni, tukafunga mlango. Rhoda alikuwa koridoni, mikono nyuma, kama ulivyokuwa ukisimama wewe. Akasimama tu. Mimi pale kando ya mlango nikangoja aingie, na Ronnie ndani akangoja, na muda ukapita, ndipo nikaelewa. Nani atamtaja anayetaja wengine? Kosa lilelile, nikasema moyoni, na tumelibeba mpaka Australia.

Mama alitoka jikoni. Alijifuta mikono kwenye khanga, akampita Rhoda, akaufungua mlango.

"Mfalme," alisema, "Mkuu wa Nyumba yuko nje. Amesubiri sana. Ni baba mkwe wangu, na mume wangu Gregori, na mwanangu Rhoda."

Ronnie aliinuka, akakumbuka kwamba mfalme huaga ameketi, akaketi. Matamshi yalikuwa mabovu lakini hakuruka neno.

"Kazi yenu imekwisha. Nendeni nyumbani." Kisha akaongeza la kwake, ambalo hakuna aliyemfundisha. "Samahani kwa kuchelewa."

Rhoda aliingia, akavuta kiti, akaketi. Mama alimpakulia ndizi na samaki. Alikula akaomba nyingine, machozi yanadondoka ndani ya sahani wala hayafuti. Ronnie alilia pia. Alisema mara mbili tatu kwamba kile kibaraza angeweza kukifagia mwenyewe.

Mimi nilikuwa bado mlangoni, Baba, kwa hiyo nasema nilichokiona. Koridoni kulikuwa na ubaridi wa siku zote tangu ulipokufa, ule ambao kwa ajili yake tuliyalaumu madirisha. Ukaanza kusogea. Ulinipita begani, polepole, kuelekea mlango wa mbele. Nikajua unakwenda. Nikafurahi kwa ajili yako, kusema kweli. Umestahili.

Mama aliacha mwiko mezani. Alikwenda mbio, mama mtu mzima yule mwenye magoti mabovu, akaegemeza mgongo kwenye mlango wa mbele, mikono ameitandaza.

"Mkuu wa Nyumba ameachishwa, aende," alisema. "Mume wangu mimi sijamruhusu."

Basi tangazo hili ni la kukumbuka, Baba, si la kuaga. Wanaokukumbuka ni mwanao Rhoda, mkweo Lusekelo, Ronnie na wanawe wa Liverpool, ndugu na jamaa walioko Bukoba na Dar es Salaam, na mkeo Theresia, ambaye bado yuko mlangoni.

Maadamu tuko hai, hatutakusahau.