Bahari Niliyoichafua kwa Mdomo

Jumanne, 3 Mei 2016. Riyadh

Pasi tangu asubuhi. Kanzu saba za baba, mume wa madam, zote nyeupe, zote kola ngumu. Madam kajilaza kwenye kochi na tableti yake, anatafuta mahali pa kwenda likizo. Hataki Uhispania. Wifi yake huenda huko kila mwaka, na nusu ya Riyadh humfuata, wanakwenda kukaguana mikoba. Anataka pwani ambayo hakuna anayeijua, atembee ufukweni bila mtu wa kumtambua. Kaipata. Cilento, kusini mwa Italia.

Nilikaribia kuunguza kola. Cilento naijua kwa masikio. Signora, bibi wa Kitaliano niliyempikia Malindi miaka tisa, alizaliwa huko. Kila akila, hadithi ni hiyo: jibini laini la kufungwa kwa majani, dagaa wa kutiwa chumvi kwenye mitungi, tini za kuanika, vijiji vya mlimani ambavyo watalii hawafiki. Mwisho analia. Mimi nikimwona mpuuzi, mtu kalia kiti mbele ya bahari yetu anaililia nyingine.

Nimemaliza kanzu.

Alhamisi, 5 Mei

Nimejitia kati mwenyewe. Madam alikuwa kwenye simu na mwenye nyumba wa huko, bibi mmoja aitwaye Assunta. Madam ana Kiarabu na Kiingereza. Bibi ana Kitaliano basi. Wanapigiana kelele kama viziwi wawili. Mimi nimesimama na sinia la kahawa. Ningeliweka nikaenda zangu.

Lakini miaka miwili katika nyumba hii nimeitwa mjinga. Nimeulizwa kama Kenya tuna nyumba zenye ngazi. Nikaomba simu. Nikamwaga Kitaliano cha Malindi, kile cha jikoni na sokoni, ambacho kwetu hata muuza madafu anacho. Bibi akacheka kwa furaha. Nyumba ikapatikana kwa dakika kumi.

Madam alinitazama kana kwamba friji limesema.

Nilifurahi. Ukweli nauandika: nilifurahi mpaka nikaimba nikiosha vyombo.

Jumatano, 11 Mei

Mdomo uliponza kichwa. Nitaenda nao. Madam kaamua, kishatuma majina kwa ajili ya viza. Kuondoka tarehe 18 Julai, kurudi mwisho wa Agosti. Nitapika, nitafua, nitamkimbiza binti yake mchangani na nitakuwa mdomo wake sokoni.

Harusi ya Saumu ni Ijumaa tarehe 22 Julai. Mwanangu wa pekee. Mkataba wangu unaisha Juni, na likizo niliahidiwa baada ya Idi. Aliahidi yeye, mbele ya baba. Nikamkumbusha.

"Mafi mushkila," akasema, hakuna shida. "Utakwenda tarehe tatu mwezi wa tisa. Harusi watakurekodia."

Watanirekodia. Babake Saumu alikufa mtoto ana miaka minne. Wa kusimama mlangoni kupokea wageni ni mimi, hakuna mwingine. Paspoti yangu imo kabatini kwake, na viza ya kutoka nchini ni mpaka baba aiombe, na baba haombi asichoambiwa na mkewe.

Namchukia. Nimeandika mara moja, yatosha.

Jumamosi, 14 Mei

Kato, dereva, Mganda, ananicheka. "Dada, unapelekwa Ulaya bure na unanuna? Nipe mimi hiyo nafasi." Mpumbavu.

Jioni nikampigia Saumu. Naye: mama nenda tu, utatuletea picha. Kusogeza harusi haiwezekani, bwana harusi ni baharia na Agosti anarudi melini. Alisema nenda tu, halafu akanyamaza muda mrefu. Salio langu likaisha katika ule ukimya.

Jumanne, 24 Mei

Leo nimefanya jambo.

Madam alitaka kumhoji Bi Assunta kabla ya kukamilisha. Simu mezani, sauti wazi, mimi katikati. Aliuliza: bahari ni safi? Bibi akasema maji ni maangavu, ukisimama yamekufika kifuani unaziona kucha zako. Nikamgeukia madam. Nikasema: kuna mto karibu, mvua ikinyesha milimani maji huwa rangi ya chai ya maziwa.

Mto huo ni Sabaki. Wetu.

Ufukwe? Bibi akasema kokoto nyeupe, kimya, asubuhi uko peke yako. Nikasema: mwani hujaa mpaka magotini na unanuka. Huo pia wetu. Na bustani? Ina ukuta mrefu, akasema bibi, mtu anaweza kukaa kichwa wazi hata akilala. Nikasema: kuna njia ya kupita watu katikati ya bustani, vijana wa kijiji hupita kwenda kuogelea.

Uso wa madam ulianguka. Aliitaka bustani ile. Niliona wazi jinsi alivyoitaka.

Sikumhurumia. Aibu zote za Malindi nimezichukua, nikaivika pwani ya watu isiyonikosea. Bi Assunta aliniaga kwa kuniita "binti yangu".

Alhamisi, 9 Juni

Siku ya nne ya Ramadhani. Halas, Cilento imekufa. Madam amemwambia baba hataki tena, na wifi yake anacheka. Siku nzima mlango wa chumba chake umefungwa.

Nilimpigia Bi Assunta kwa simu yangu, nikasema bwana ameugua. Akasema atamwombea mgonjwa. Jambo hilo limenikaa kooni kuliko kufunga kwenyewe.

Lakini nimeshinda. Nimekunja sambusa za kulisha msikiti. Nimemwambia Saumu anitafutie leso za sare, za mama wa bibi harusi. Akapiga kigelegele kwenye simu.

Jumapili, 10 Julai. Jeddah

Tuko Al-Nuzha, kwa mamake madam. Baada ya Idi nilipoulizia tiketi, madam aliniambia funga mizigo ya watoto, kiangazi tunakimalizia Jeddah. Na mimi? Na wewe. Na harusi? Akanitazama kama mtu anayeulizwa jambo alilokwisha kujibu. Tarehe tatu mwezi wa tisa, si nilikuambia?

Nilikwenda chooni, nikafungua maji, nikalia.

Si safari iliyonizuia. Haikuwa safari hata siku moja. Angekwenda Italia, angekwenda Jeddah, angekaa sebuleni miguu juu, mimi ningekuwa wa kumshikia sinia. Nimepigana na bahari. Aliyenishika alikuwa kakaa mbele yangu na kahawa.

Jumatano, 13 Julai

Kato amenipeleka mtaa wa Kandara, hapa Jeddah, kwenye duka la kutuma mizigo. Sanduku moja: udi, mapazia, abaya ya Saumu ya kutokea nje. Leo hakunicheka. Alilibeba sanduku mwenyewe mpaka kaunta.

Ijumaa, 22 Julai

Nimeiona harusi kwenye kioo cha simu iliyopasuka pembeni. Picha inakwama. Saumu anainua uso, anakwama. Mlangoni amesimama dada yangu, kavaa leso zangu.

Madam aliita mara tatu. Mara ya nne akaja jikoni. Aliona. Akasimama kidogo, kisha akasema yalla, haraka, wageni wanangoja chai.

Mungu anisamehe nilichomwombea.

Jumamosi, 13 Agosti

Nimemwambia Bi Assunta ukweli. Wote. Mto, mwani, vijana wa bustani, mgonjwa asiyeumwa, harusi ya Saumu. Hakujibu siku mbili. Leo akajibu: nyumba imekaa tupu tangu Julai, amekasirika, na je, binti alipendeza? Nikamtumia picha ya Saumu.

Ijumaa, 2 Septemba

Tiketi ninayo. Kesho, tarehe tatu, ile ile. Ningekwenda Italia ningeondoka siku hiyo hiyo, nikiwa nimekula tini.

Begi moja. Nguo nazikunja moja moja. Bi Assunta kaniletea picha kwa simu, kaipiga leo kutoka gatini. Maji kama hayapo. Kokoto unaweza kuzihesabu. Nyuma mlima na nyumba chache, hakuna mtu hata mmoja. Signora hakuwa mpuuzi.

Sikumsikia madam akiingia. Aliinama juu ya bega langu akaitazama. Akaitazama sana. Akauliza ni wapi.

Nikasema ni kwetu. Malindi.

"Mashallah," akasema polepole. Akaketi kwenye ukingo wa kitanda changu, mahali ambapo hajawahi kuketi. Akaniomba simu, akaikuza picha kwa vidole viwili, pale ufukwe ulipokuwa mtupu. Sikumnyang'anya. Nilimwacha atazame, nikaendelea kukunja nguo.