Lori Si Ngamia wa Kuazimwa

Garissa,
mwezi wa Rajab

Kwa Abboowe Yusuf, kaka yangu mkubwa,
Takaba.

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Barua hii nimempa dereva wa msafara wa Wajir, naye ataikabidhi kwa mtu wa huko kwetu, kwa hiyo sijui itakukuta nyumbani au kisimani. Popote itakapokukuta, ikukute umeshiba na umekaa, kwa maana maneno yake si ya kusikilizwa kwa kusimama. Mama yuko vipi? Magoti yake yamepoa, au bado anatembea akijishika ukutani na kusema ni ukuta ndio unaomshika yeye? Mvua imefika? Yule ngamia aliyekuwa akichechemea mlimchoma moto mguuni kumtibu, au alipona mwenyewe? Hali ya mwanao Noor siiulizi, kwa kuwa ndiye anayekusomea. Noor mwanangu, soma polepole na usiruke mstari, hata ule utakaoukuta una jina lako.

Mimi ni mzima wa mwili, alhamdulillahi. Bado napima sukari na majani ya chai katika duka lile lile, ingawa siku nyingi hakuna cha kupima. Jua likizama hakuna anayetoka nje. Asubuhi tukienda mtoni kuteka maji tunaonyesha karatasi, na tukirudi tunaonyesha karatasi, na askari ni yule yule. Juzi aliniuliza, "Wewe ni shifta, wale waasi wa porini?" Nikamwambia, "Afande, mimi ni yule aliyekuuzia kibiriti jana." Akacheka, akanirudishia ndoo yangu. Mengine ya vita siandiki. Barua hupita mikono mingi.

Nije kwenye gari. Ujumbe wako niliupata. Umesema Haji Mursal amekutumia mtu mpaka Takaba, na kwamba anataka kutukodisha lori jipya tulifanyie kazi kati ya Garissa na Wajir. Tumlipe kodi kila mwezi, faida iwe yetu, dereva awe Noor, na ngamia wa nyumba yetu wawe dhamana. Umesema ni jambo la haki, kwa kuwa ni sawa na ngamia wa kuazimwa: maziwa unakunywa wewe, ndama ni wa mwenyewe. Umeniambia nikalitazame gari kisha nitie saini kwa niaba yako, maana mimi ndiye niliyekaa darasani.

Nimelitazama. Saini sikutia. Nina hasira, Abboowe, na uniwie radhi, kwa sababu sehemu ya hasira hii ni yako.

Niseme la haki kwanza, usije ukadhani ni majonzi ya msiba wetu tu yanayoniongoza. Lori ni jipya kweli. Rangi yake ni buluu na viti bado vina karatasi ya nailoni. Nililala chini nikatazama springi, nikapiga matairi kwa ngumi, nikamwomba fundi awashe injini, nikaisikiliza mpaka nikatosheka. Kodi nayo haiumizi. Niliwauliza watu wawili wanaokodi malori hapa mjini, na wote wanalipa zaidi kwa magari makuukuu yanayosukumwa asubuhi. Kwa macho ya sokoni, Haji ametupunguzia. Na hapo ndipo nilipoanza kuogopa, kwa sababu Haji Mursal hajampunguzia mtu hata chumvi.

Nikaomba karatasi ya mkataba, nikaisoma pale pale uani kwake, yeye akinywa chai. Mafuta juu yetu, matairi juu yetu. Sawa, anayekunywa maziwa ndiye anayechunga. Lakini siku ya safari na njia ya kupita ni amri yake. Na chini kabisa pameandikwa kwamba gari likipotea kwa ajali, kwa moto, kwa kutekwa au kwa bomu, aliyekodi atalipa thamani ya gari zima, na ngamia wa dhamana watachukuliwa bila kesi.

Nikamsomea mstari ule kwa sauti. "Haji, hapa ngamia akifa analipa aliyeazima?"

"Hayo ni maneno ya makarani tu, Adan. Kila mkataba unayo."

"Kaka yangu umemwambia ni kama ngamia wa kuazimwa."

"Nimemwambia kwa lugha anayoielewa. Ulitaka nimtajie mambo ya mahakama, mtu wa Takaba?"

Watu wawili waliokuwa wakishona magunia wakacheka. Mmoja akasema, "Huyu Adan shule imemharibu. Sasa anatafuta simba ndani ya karatasi."

Abboowe, unamkumbuka yule ngamia mweupe ambaye baba alimwazimisha mzee Kulow, jirani yetu wa kisimani? Simba alimla. Mzee Kulow alikuja kwa miguu, amebeba begani kile kipande cha ngozi chenye chapa yetu. Wewe ndiye uliyekitandaza chini. Baba aliitazama chapa, akamwapisha, kisha akamkalisha na kumpa maziwa, na mzee alikuwa akilia hata maziwa yakamwagikia ndevu. Neno "lipa" halikutoka kinywani mwa baba. Usiku ule alituambia kwamba aliyeazima halipi mnyama wa simba, ila kama alizembea. Akaongeza kwamba mwenye ngamia akikuchagulia malisho, na malisho yale yana simba, basi hata ngozi usimpelekee. Yeye ndiye anayepaswa kuja kwako.

Sasa nitakueleza jambo ambalo sikukueleza wakati wa msiba, kwa kuwa mjumbe alikuwa na haraka na mimi sikuwa na maneno. Unajua kwamba lori alilofia mdogo wetu Bishar lilikuwa la Haji huyu huyu, tumelikodi kwa makubaliano ya mdomo. Unajua lilikanyaga bomu la ardhini kabla ya Habaswein. Usichojua ni kwa nini lilikuwa peke yake.

Siku ile nilikuwa uani. Lori limejaa sukari, na Bishar alikuwa akiliosha uso kama kawaida yake, maana aliliosha lori kabla hajanawa mwenyewe. Msafara wenye askari ulikuwa uondoke kesho yake. Haji akatoka akasema, "Bado uko hapa? Wajir hawana sukari. Msafara ukifika kesho, kila mtu atakuwa na sukari."

Bishar akamwambia, "Haji, ngoja kesho. Njia imekuwa na meno."

"Msafara ni wa waoga. Sukari haingoji."

"Basi panda mbele, Haji, unioneshe njia."

Watu wote wakacheka, hata mimi. Haji hakucheka. Akasema kama Bishar haendi sasa hivi, ashushe magunia na aache ufunguo juu ya boneti. Ndugu yetu akanitazama, akainua mabega. Akalipigapiga lori shingoni, unajua alivyokuwa akifanya, akalitolea ile sauti ya kumwinua ngamia aliyepiga magoti, ili kunichekesha. Kisha akaondoka. Kofia yake aliisahau juu ya pipa. Ninayo mpaka leo, na ina vumbi la unga ambalo sijalikung'uta.

Nilienda na msafara uliofuata, nikamkuta tayari amezikwa Habaswein. Watu wa pale walimwosha na kumsalia kama mtoto wao, Mungu awalipe. Walinipeleka mahali penyewe. Lori lilikuwa mifupa tu. Lakini kichakani nikaona kibao cha namba, kimekunjika, namba zinasomeka. Nikakiokota, na sikujua kwa nini mpaka nilipokuwa nimekifunga kwenye kitambaa. Nilikuwa nimechukua ngozi yenye chapa.

Niliporudi Garissa nilikwenda kwa Haji kabla ya kwenda kwangu. Nikakiweka kibao mbele yake kwa mikono miwili, kama mzee Kulow, nikaanza kuapa kwamba mdogo wangu hakuzembea. Sikumaliza kiapo. Alikisukuma kwa kiatu, akasema, "Nifanye nini na bati? Nataka lori langu." Hakusema hata inna lillahi. Mtu ameyatoa maisha yake kwa ajili ya sukari ya yule bwana, na yeye ananiuliza habari za bati.

Wazee wa hapa walimnyamazisha wakati ule. Lakini sasa naona hakunyamaza, alikuwa akipima tu. Maana nilipokuwa nimeushika mkataba wake alininong'oneza, "Mkichukua hili jipya, lile la zamani nitalisahau." Kana kwamba kilichopotea siku ile kilikuwa chake.

Nilirudi nyumbani nikakaa. Nilijua utaniuliza swali moja, kama gari hili ni la haki au si la haki, na sikutaka kukujibu kwa hasira peke yake. Kesho yake nikarudi uani kwake na mstari mmoja niliouandika mwenyewe: gari likiliwa na bomu katika safari aliyoiamuru mwenye gari, aliyekodi atampelekea kibao cha namba, na kibao hicho kitatosha. Nikamwambia, "Haji, tia saini hapa, nami nitatia saini pale chini. Kodi ni ile ile, na dereva atakuwa tayari."

Akausoma, akausoma tena, akacheka mpaka akaweka kikombe chini. "Adan, mtu gani mwenye akili atapeleka mali yake kwenye njia ile kwa maneno haya?"

Wale washona magunia wakaacha kushona.

Nikamwambia, "Ahsante, Haji. Hilo ndilo nililokuja kuuliza."

Nadhani alielewa baada ya kulisema, kwa sababu aliwafokea wale watu warudi kazini, wakati walikuwa hawajainuka. Mmoja wao, yule aliyenicheka juu ya simba, alinifuata mpaka langoni akanishika mkono.

Basi hukumu ya gari ni hiyo, na ameitoa mwenyewe. Njia ambayo haifai kwa lori lake la buluu, anaiona inafaa kwa Noor. Kodi ni ndogo kwa sababu hana haja ya kuila kodi. Lori likirudi, amekula kodi. Lisiporudi, amekula ngamia. Kwa upande wake hakuna pa kupoteza, na kwa upande wetu kila tutakachopoteza kina jina tulilokipa sisi wenyewe.

Na sehemu yako ya hasira ni hii. Ulimwachia yule mjumbe wake alitumie neno la baba, ngamia wa kuazimwa, akalichukua kama kamba na kuja kutufungia. Ulikuwa umeona lori kwa mbali, na ukame ulikuwa karibu. Najua. Najua pia mama amekuwa akiuliza watoto watakula nini. Lakini ungejiuliza, Abboowe, ni lini mtu alikuazimisha ngamia akaomba mtoto wako amchunge mahali ambapo yeye mwenyewe hathubutu kukanyaga.

Ninachokuomba ni kimoja. Chukua wazee wawili, umwite mtu wa Haji, useme mbele yao kwamba ngamia wa nyumba yetu si dhamana ya gari lolote, na kwamba neno ulilotoa limerudi. Fanya hivyo kabla hawajaweka alama kwa mnyama hata mmoja. Mimi hapa nimekwisha kukataa, lakini wewe ndiye mkubwa, na kwake yeye kukataa kwangu ni kelele tu.

Noor, najua unautaka usukani. Bishar alikushikisha ukiwa umekaa mapajani pake, na alikuwa akiniambia mikono yako ni mizuri kuliko yake. Gari litakuja, inshallah, na likija nitakuwa wa kwanza kupanda nyuma. Lakini hili hapana. Sasa endelea kusoma, usiikunje barua.

Nisalimie mke wako, shemeji yangu, na umwambie ule mkeka alionifumia bado naulalia. Msalimie maalim wa chuo, aliyetufundisha sote alif na ba kwa bakora moja. Msalimie dada yetu kule Rhamu mtu akienda upande wa mto, na mjane wa mzee Kulow kama yu hai.

Mama nimemwachia mwisho. Pamoja na barua hii kuna furushi. Ndani kuna majani ya chai, na chini ya majani ya chai kuna kile kibao cha namba, nimekisugua kwa mchanga wa mtoni. Tafadhali kabla ya kukitoa, mkalishe mama na umpe maziwa. Kwetu ngozi hupelekwa kwa mwenye mali, nami nilikosea nyumba. Nilimpelekea Haji Mursal, ambaye hakupoteza kitu siku ile. Mwambie mama naapa mbele yake kiapo ambacho sikukimaliza kule: mtoto wake hakuzembea. Alichaguliwa malisho.

Ni mimi mdogo wako ninayekuheshimu hata nikiwa na hasira,

Adan