Ufa Uliokunywa Maji

Kambini, mgodi wa almasi Mwadui

Baba Masanja, mume wangu,

Kifua kimeachia? Na yule ng'ombe mwekundu amezaa, au bado anatudanganya na tumbo lake? Sisi huku wazima, mjukuu ananyonya mpaka mama yake analalamika. Anayeniandikia ni mwalimu jirani. Nimemkataza kunipambia maneno. Na katekista anayekusomea akohoe kwanza, asome kwa sauti, maana leo nina jambo!

Unajua Masanja wetu ndiye mtunza vyombo vya bwawani. Wazungu wana mchezo huku: mtu mzima anafunga miguu kwenye mbao mbili ndefu, anashika kamba, motaboti inamburuta juu ya maji kama ndama asiyetaka kwenda mnadani. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Basi bwana wake akanunua mbao kuukuu, jozi mbili, kwa mwenzake anayerudi kwao. Akamwambia Masanja: "Chagua jozi iliyo nzima. Jumapili anapanda binti yangu. Akiumia, kazi huna, na kambini mtatoka." Jozi moja imekwaruzwa kama mgongo wa punda. Nyingine inang'aa, unajiona uso. Masanja akazileta zote nyumbani, akachagua ya kung'aa. Nani asingechagua?

Mimi sikuwa na habari. Niliona mbao nne safi ukutani, nami nina viazi vitamu vya kukausha michembe. Nikazilaza juani, nikaanika vipande vyangu. Masanja kurudi, akashika kichwa.

"Mama! Umeniua! Hizo ni za bwana!"

"Kwani bwana hali michembe?"

Nikaondoa viazi, nikaziosha mbao, nikazirudisha juani. Hapo ndipo nilipoona! Zile za mikwaruzo zilikauka sawasawa, kama ngozi iliyoparuzwa na miba. Lakini ubao mmoja wa kung'aa ulibakiza mstari mweusi, mwembamba kama unywele, umekatiza chini ya kile kiatu cha mpira wanachofungia mguu. Ufa umekunywa maji! Nikazigonga kwa kidole, kama tunavyogonga chungu sokoni. Za mikwaruzo zikaitika: ko! Ule ukaguna tu.

"Masanja, hizi zimechubuka ngozi. Huu umevunjika mfupa, wakaupaka mafuta."

"Mama, mambo ya Kizungu umejulia wapi?"

"Mti ni mti. Nimezeeka na mchonga mitumbwi."

Akaenda kumweleza bwana. Bwana akacheka, akaweka ubao gotini, akabana kidogo tu: paa! Vipande viwili. Kicheko kikamkauka. Akamwita binti yake, akamshika bega, asimwachie.

Jumapili binti akapita mbele yetu juu ya zile zenye makovu, kamba imekaza, maji yanaruka! Nikapiga vigelegele mpaka wazungu wakageuka. Kazi ya mwanao ipo, Baba Masanja! Na sasa hakuna ubao unaoingia bwawani kabla yeye hajaumwagia maji na kuungoja ukauke.

Haya, sasa wewe. Ule mtumbwi wako wa zamani, ulioupaka rangi nilipokuwa nafunga mizigo, ukaniambia umekuwa kijana tena. Uumwagie maji. Uutoe juani, ukae uutazame. Ukiona mstari, pasua kuni, usione haya. Nataka nikirudi nikukute mzima, unibishie.

Msalimie wifi yangu mfinyanzi, mwambie kidole changu bado kinasikia. Mkwe wetu mchungaji wa ng'ombe naye, na binti yetu, asibebe ndoo na mimba ile.

Mkeo,
Mama Masanja

Hili doa ni dole gumba langu. Utomvu wa viazi haujatoka.