Nikinyamaza, Usizime

Machi 4

Mama mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi mzima, ila kichwa kimejaa sauti za watu. Utafiti nimeuanza: nawahoji wanawake waliokuwa wakifua mashuka ya hospitali, kazi yako ile. Kabla ya yote humwambia kila mmoja kwamba ana ruhusa ya kukataa swali. Jana mmoja alinyamaza kitambo, nami nikajiuma ulimi nisimsaidie, maana ndivyo tulivyofundishwa. Mara akaanza kunisimulia mtoto aliyemwacha na homa akaenda zamu. Nikakukumbuka, Mama. Natamani kukuhoji na wewe.

Mwanao

Machi 20

Mwanangu kipenzi,

Marahaba. Goti ni la uzee, tumeshazoeana. Kumbe tumekusomesha kote huko ukaulize watu habari za mashuka! Jirani amecheka mpaka akakaa chini.

Lakini barua yako nimeirudia. Nimeulizwa na wasimamizi, na madaktari, na marehemu baba yako, na hakuna hata mmoja aliyeniambia naweza kukataa. Njoo uniulize.

Mama yako

Aprili 3

Mama,

Shikamoo. Poleni na mvua. Mwalimu wangu amekataa. Anasema mtoto hamhoji mzazi wake: wewe utanificha yanayoniumiza, nami nitajijibia mwenyewe. Atakuja mwenzangu, na sitasikia neno bila idhini yako. Mwalimu yuko sahihi, ila nimeumia. Tangu utotoni nataka kujua kwa nini mwaka ule uliniacha kwa shangazi, na sijawahi kuthubutu kuuliza.

Mwanao

Mei 27

Mwanangu,

Nimechelewa kujibu, nisamehe. Mwenzako alifika, ana adabu zake. Tuliongea vizuri mpaka tukafika mwaka ule, nikanyamaza. Naye kimya. Chai ikapoa mezani, hakuniharakisha, wala hakutazama saa. Basi maneno yakatoka yenyewe, mengine sikujua kama ninayo. Nilijisikia nikashangaa: huyu anayesema ni mimi?

Sasa nimeelewa kazi yako, na jirani nimemwambia asicheke tena. Ni kazi kubwa, mwanangu. Inatisha.

Nimempa idhini akuletee sauti yangu aliyoirekodi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini huu wangu nataka uujue na wewe. Kaa mahali pazuri usikilize. Utafika pahali hakuna kitu, ni kimya tu na kikombe kinagongagonga kisahani. Usidhani imekwisha. Ni mkono wangu huo. Ningojee.

Mama yako