Jina Lako la Nyumbani

Simi-Simi, Kisangani

Pétronille wangu, mama ya Grâce,

Huku tuko wazima. Grâce anajifunza kujisuka nywele. Nyuma anaacha, anasema kule ni kazi ya mama. Jana nilipika ngolo, ile samaki Nabii alitukatazaka. Nikangoja hukumu. Ikakuja utamu tu, na kiti yako iko wazi.

Tangu nilitoroka ile kambi ya Nabii wenu kule Bafwasende, hakuna mutu ananichunga. Lakini mbele ya kucheka, ninaangaliaka kwanza nyuma.

Kule kambini walikupatia jina ingine. Mi sitaiandika.

Bwana yako, Hilaire

N.B. Nabii, najua barua zote ni wewe unafunguaka wa kwanza. Bon, umusomee yote. Lakini umuite Pétronille, mara moja tu, na uangalie vile atageuka.