Tairi Kubwa na Kilomita Hewa

Jumatano, 7 Mei 2025

Barabara ya Nyamisocho imekamilika, kilomita zote 18, changarawe mpaka mlango wa zahanati. Kasema Mhandisi Stanslaus wa kampuni iliyopewa kazi, leo saa nne, mbele ya waandishi sita na trei ya soda. Makabidhiano Jumatatu tarehe 26. Baada ya hapo mitambo inahama.

Nikamuuliza kama naweza kwenda kuiona. Kasema barabara ni ya umma, mama, haina geti.

Saa nane simu ya Klementina, muuguzi wa zahanati hiyo hiyo. Kasikia redioni. Anasema changarawe inaishia juu ya bonde. Kuanzia hapo ni tope jeusi. Jumapili wamemvusha mzazi kwa mkokoteni wa ng'ombe, na ng'ombe wenyewe wakazama mpaka magotini. Mitambo ikiondoka kabla ya bonde kujazwa, hairudi.

Kauli mbili, haziwezi kuwa kweli zote. Naenda kuona.

Ijumaa, 9 Mei

Nimeona tope, zahanati sijaiona.

Hilux yangu imekalia tumbo bondeni. Foo-wili iliingia — haikusaidia, tairi ni fupi. Ng'ombe wanne wa Mzee Mseti, mwenyekiti wa kitongoji, wamenivuta kinyumenyume. Shikamoo yangu aliipokea akiwa anafunga mnyororo. Kasema kutoka mwisho wa changarawe mpaka zahanati ni hatua elfu moja na mia moja, amezihesabu akipeleka ng'ombe mnadani. Nikamshukuru. Sikuandika kwenye daftari la kazi. Hatua za mzee si kipimo cha gazeti.

Kilomita za dashibodi nazo sikuziandika, mvua ilikuwa kali. Kosa. Safari ijayo napima kila kitu.

Irine, mhariri wangu Mwanza, anasema nichukue bodaboda. Nikamwambia bodaboda mbili nimezipita zimelala hapo hapo. Basi tuma picha ya tope, anasema. Tope lipo kila mahali Tarime mwezi huu! Nataka kufika mwisho na namba mkononi.

Jumanne, 13 Mei

Mugumu. Yona anauza tairi zinazovuliwa kwenye magari ya watalii. Nimepata nne za 7.50-16, kashata, meno ya tairi, bado ndefu. Nimezisimamisha kando ya za zamani: zinazidi kimo kwa upana wa vidole vinne. Zinaingia kwenye rimu zangu.

Yona kauliza gari ni la nani. Langu. Na dereva? Mimi. Akauliza tena, kama vile mara ya kwanza nilikosea.

Alhamisi, 15 Mei

Siku nzima gereji kwa fundi Waitara. Kaweka shakeli ndefu za springi mbele na nyuma ili gari linyanyuke. Kakata madigadi ya mbele na kuyakunja kwa nyundo. Usukani ukikatwa wote kulia, tairi bado inasaga. Nitakata nusu.

Wanaume wa benchi la chai hawakukosa la kusema. Bibi kavaa buti za mumewe. Mmoja anataka kujua nitapandaje, au nimenunua na ngazi. Nimepanda. Miaka ishirini na minne nafanya kazi hii, mabenchi ya chai nayajua.

Waitara kasema, "Dada Nyangi, ukibadili tairi hivi kuna mambo matatu uyajue." La kwanza, breki zitachelewa. La pili, mlimani litakuwa zito. Hapo nikamkatisha: funga tairi, hotuba baadaye. Kafunga.

Jumatatu, 19 Mei

Nimefika!

Bonde lilifika kwenye ekseli, gari likaguna, likapita. Sikusukumwa na mtu.

Namba. Njia panda nilirudisha kilomita kwenye sifuri, kwenye kibao chao kinachosema 18. Changarawe imeisha ikisoma 15.6. Mlango wa zahanati, 16.4. Nimerudi nikipima tena: sawasawa.

Maana yake 0.8 ni tope tupu, bila changarawe. Na barabara yenyewe ni 16.4 — kilomita 1.6 za kwenye kibao hazipo duniani. Nani kalipwa kuzijenga?

Klementina kanipa chai. Kasema anachotaka ni bonde, hayo mengine ya wakubwa. Kuna mama wa Kijiji cha juu, tarehe zake ni mwisho wa mwezi, mimba iliyotangulia alipasuliwa. Huyo hawezi kuvushwa kwa mkokoteni.

Habari nimeituma saa kumi na mbili jioni. Irine kafurahi. Kichwa chake cha habari: KILOMITA HEWA. Stanslaus hakupokea simu, mara tatu. Nimeandika hilo pia.

Jumatano, 21 Mei

Jana imetoka, ukurasa wa tatu. Leo asubuhi Stanslaus yuko redioni: mwandishi ni mwongo, barabara ni 18, na yuko tayari kupima mbele ya yeyote. Nikasema vizuri, tupime.

Mchana nimepigwa tochi, mteremko wa kuingia mjini. Trafiki kasema 54. Nikamwambia haiwezekani, macho yangu yalikuwa kwenye dashi, 49. Akanionyesha tochi: 54. Nikaomba jina lake na namba ya tochi, nikaandika vyote. Hakukasirika. Akazunguka gari polepole, akaigonga tairi kwa buti.

"Mama, hizi ndizo lilizokuja nazo?"

Nikakumbuka hotuba niliyoikatisha gereji.

Nikaenda kwa Waitara. Jambo la tatu lilikuwa lipi? Kasema bila kuinua kichwa: dashi inahesabu mizunguko ya tairi ndogo. Tairi kubwa inakwenda mbali zaidi kwa kila mzunguko, na dashi haijui. Spidi inasoma pungufu. Kilomita pia.

Alhamisi, 22 Mei

Saa kumi na mbili asubuhi, lami ya Sirari, kwenye mawe ya kilomita. Mawe kumi. Dashi imesoma 9.1. Kurudi, 9.1.

Kwa hiyo 16.4 yangu ni 18. Stanslaus hajasema uongo kuhusu urefu. Kilomita hewa nimezitengeneza mimi, kwa tairi zangu mwenyewe.

Na 0.8 yangu ya tope ni karibu mita 880. Nikapigia hesabu hatua za Mzee Mseti: elfu moja na mia moja, kwa sentimita themanini kila moja. 880. Kipimo sahihi nilipewa siku ya kwanza, bure, na mtu anayefunga mnyororo. Sikukiandika.

Simu kwa Irine. Kasema tulia, Da Nyangi, hakuna anayejua habari za tairi, subiri makabidhiano yapite. Nikakataa. "Ukisahihisha," kasema, "hakuna atakayesoma aya ya pili." Aya ya pili ndiyo bonde. Najua. Kosa langu linakaa aya ya kwanza hata hivyo, na namba zake zote, na trafiki, na mawe. Sitamshika mtu kwa mita 880 huku nimeficha kilomita 1.6.

Nimeandika maneno 212. Sikuweka samahani mbili. Moja inatosha.

Ijumaa, 23 Mei

Imetoka. Saa mbili Stanslaus redioni: mwandishi amekiri uongo, suala limefungwa, makabidhiano Jumatatu yako palepale. Bonde hakulitaja.

Benchi la chai limenipigia makofi. Nikanywa chai yangu hapo hapo, nikamaliza kikombe.

Kisha nikampigia mhandisi kwa namba nyingine. Kapokea. Nikamwambia: ulisema redioni uko tayari kupima mbele ya yeyote. Mimi ndiye yeyote. Akasema twende na gari lake basi, dashi yake ni nzima. Nikasema hakuna gari. Tepu, kwa miguu, kuanzia changarawe inapoishia. Kisha kakubali, kwa sababu nilimwambia nimeshamwalika diwani, na diwani kakubali.

Tepu ya mita hamsini nimeazima kwa mwalimu wa michezo. Klementina atakuja na kitabu cha wazazi waliovushwa tangu Machi. Yule mama bado yuko Kijiji cha juu.

Jioni nimempigia Mzee Mseti. Shikamoo, nikamweleza yote, pamoja na kwamba hatua zake zilikuwa sahihi. Kaitikia tu. Kisha kauliza:

"Na hiyo tepu yenu, mwanangu, imepimwa na nani?"

Nimeitandaza kwenye korido, nimeilinganisha na rula ya chuma, mita kwa mita. Hamsini kamili.

Kesho, Jumamosi 24, saa mbili asubuhi, juu ya bonde. Mzee atatembea pembeni ya tepu akihesabu. Buti za mpira ziko garini. Mvua imeanza.